Aliyeshika Kamba ya Ezekia

Mchungaji wetu hapa Isansa alinifuata nyumbani akaniomba nizungumze na ninyi vijana kuhusu kumtii Mungu katika mambo magumu. Nikamwambia, mchungaji, umekosea nyumba. Mimi Haonga ninachojua ni visima. Nimechimba visima tangu nikiwa na nguvu za kubeba gunia la mahindi begani mpaka mgongo ulipokataa, na hayo mengine nawaachia waliosomea. Akacheka, akasema basi waambie habari za visima, mengine yatajileta yenyewe. Nikaona ni heri niandike, kwa sababu nikisimama mbele za watu huwa nasahau nilikotoka na ninakokwenda, na mke wangu hukaa kiti cha nyuma akinionyesha kwa kidole nikae.

Kazi ya kuchimba kisima kwa mkono inakwisha. Siku hizi mashine inakuja juu ya lori, inanguruma asubuhi, na jioni watu wanapampu maji. Siibezi hata kidogo. Ningekuwa na umri wenu ningeomba nifundishwe kuiendesha. Lakini zamani, na wala si zamani sana, aliyetaka maji alitafuta watu wenye sururu za mpini mfupi, na mmoja wao akashuka.

Aliyenifundisha kushuka ni Mzee Ezekia. Yeye alikuwa Mnamwanga wa bondeni Momba, mimi ni Mnyiha wa hapahapa, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili, kila mmoja na lafudhi yake, na wateja walitucheka wote wawili. Alikuwa mtu mdogo wa mwili, mwembamba, mwenye mikono mirefu kuliko alivyostahili. Mara ya kwanza nilimwona akitoka kisimani kule Hasamba, amevaa sufuria kichwani. Sufuria kweli, ya kupikia, ameifunga kidevuni kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Hakukasirika. Alinionyesha upande mmoja ulivyobonyea, akasema pale lilidondokea jiwe, na kama lingekikuta kichwa cha huyu anayecheka lingemfundisha adabu. Baadaye tulipata kofia za pikipiki na mkewe, Mama Neema, akarudishiwa sufuria yake, ingawa aligoma kuipikia tena.

Kamba tulinunua Tunduma, na mara nyingine tulivuka kwa Wazambia, ambako muuzaji alikuwa akituambia "bwino, bwino", yaani nzuri, hata kwa kamba iliyooza. Ezekia hakununua kamba kwa macho. Aliisokotoa nyuzi, akainusa kutafuta ukungu, kisha akaipeleka kwenye foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka, akafunga ncha moja kwenye bampa la lori lililosimama, akaniambia tuvute. Siku moja dereva aliyekuwa amelala ndani aliamka akaona wanaume wawili wanalivuta lori lake. Akatushukia na spana mkononi. Ezekia alimwamkia kwa heshima, akamweleza shida yetu pole pole, na mwisho wa maneno dereva naye akaja kuvuta pamoja nasi. Kamba ile ilitufaa sana.

Niwape na haya ya kazi, msije mkasema mzee aliandika maneno matupu. Kabla ya mtu, hushuka mshumaa. Unauweka kwenye kopo, unauteremsha taratibu. Ukizimika, hushuki, hata kama mwenye kisima anafoka. Hewa mbaya haina harufu wala haibishi hodi. Chukua matawi yenye majani mengi, yafunge kamba, uyapandishe na kuyashusha mle ndani mpaka hewa ichanganyike, ndipo ujaribu mshumaa tena. Na mtu akiwa chini, asitokee mjanja wa kuwasha pampu ya petroli mdomoni mwa kisima. Moshi wake unazama, na humpati mtu wako.

Kuhusu kujua maji yalipo, watu walidhani Ezekia ana dawa. Dawa yake ilikuwa kuwauliza bibi vizee. Alikaa nao, akawauliza walikuwa wanachota wapi walipokuwa wasichana, mwaka ule mvua ilipogoma. Bibi hasahau alikochota maji kichwani akiwa na mimba. Na yule anayewaambia kwamba ukiwa chini ya kisima mchana unaona nyota, mwambieni ashuke. Mimi nimeshinda huko nusu ya maisha yangu na nilichoona ni matako ya ndoo.

Viatu pia. Mwaka wangu wa kwanza nilishuka na mabuti mapya ya mpira, najivuna nayo. Maji yakatokea, tope likayashika, nikapandishwa juu na soksi. Mwenye kisima kile anakunywa maji ya mabuti yangu mpaka leo na hajawahi kulalamika.

Lakini kubwa kuliko hayo yote ni mshika kamba. Winchi yetu ilikuwa gogo moja lililolazwa juu ya nguzo mbili, na mkono wa chuma kila upande. Kamba inajizungusha kwenye gogo, na mwishoni mwa kamba kuna kibao. Wewe unakalia kibao, watu wawili huku juu wanashika mikono ya winchi, mmoja huku na mmoja kule, wanakushusha. Wakitaka kupumzika wanachomeka kigingi, gogo halizunguki. Kukitoa kile kigingi lazima wabebe uzito wako kwanza. Mtu akishakaa kwenye kibao, hana lake tena. Uhai wake umehamia kwenye viganja vya watu wengine.

Ndiyo maana Ezekia alikuwa na sharti. Kabla ya kazi kuanza chakula kipikwe, na kila atakayegusa kamba ale naye sahani moja. Wengi waliona ni ulafi, na mimi pia nilidhani hivyo, maana mtu mwembamba akila hamjui kinakokwenda. Nilipomuuliza alisema mtu aliyekula nawe, mkono wake unakukumbuka. Sikumkubalia wala sikumkatalia. Chakula kilikuwa kizuri.

Sasa niwaeleze alivyofika huku kwetu, maana bila hilo hamtaelewa kilichobaki. Kijiji alikozaliwa nitakiacha bila jina. Watu wake wapo, na wengine leo ni rafiki zangu. Kule alioa, akalima mtama na ufuta, na kiangazi kikiingia alichimbia watu visima. Alikuwa na jirani anayeitwa Laban, ambaye walichunga naye ng'ombe tangu utotoni. Binti wa Laban, msichana aliyekuwa karibu kumaliza shule, aliugua akafariki. Baada ya mazishi Laban alisimama katikati ya watu akamnyooshea Ezekia kidole. Alisema, mtu anayeshinda chini ya ardhi na kila jioni anatoka mzima, anaongea na nani huko?

Ikawa basi. Hakukuwa na ushahidi mwingine. Watu waliokuwa wakinywa maji ya kazi ya mikono yake waliichoma nyumba yake. Ezekia na Mama Neema walitoka na nguo walizovaa na mtoto mgongoni, wakatembea hadi barabarani, wakapata lori la kuwafikisha Tunduma, na baadaye wakapanda huku Mbozi ambako hakuna aliyewajua. Habari hizi nilizipata kwa Mama Neema. Ezekia mwenyewe nilifanya naye kazi miaka mingi bila kumsikia akilitaja jina la Laban.

Alilitaja siku moja tukiwa Hasamba, tumekaa kwenye kivuli cha mibuni tunakula viazi. Alimeza kiazi chake, akaniambia Mungu anamtuma akachimbe kisima kwao.

Nilidhani jua limempiga. Nikamuuliza kama kuna mtu wa kule aliyemwita. Akasema hakuna. Alikuwa amesikia kwa ndugu sokoni Tunduma kwamba kile kisima cha kijiji kilititia, kwamba barabara yao haipitiki kwa lori la mashine, na kwamba watu wanakunywa maji ya mto pamoja na ng'ombe, na watoto wameanza kuzikwa kwa ugonjwa wa kuhara. Nikamwambia habari za sokoni si sauti ya Mungu. Akanijibu kwamba sauti hajasikia. Ila kila akifumba macho kuomba, jina la kwanza kuja ni Laban. Halikuwa linakuja kwa hasira. Hasira angeijua, alikaa nayo miaka.

"Utajuaje ni Mungu, kaka?" nikamuuliza. "Huenda ni wewe mwenyewe."

"Mdogo wangu," akasema, "kama ningekuwa najituma mwenyewe, ningejituma mahali pazuri."

Akaniambia pia, bila aibu, kwamba alishajaribu kukwepa. Alikuwa amemwahidi Mungu kunituma mimi badala yake. Nikamuuliza kama na mimi ningeulizwa, akasema ndiyo maana ananiuliza sasa, lakini anavyoona, Mungu hajakubali. Kisha akaweka viazi chini, akaniambia kwamba anaiogopa ile njia ya kushuka bondeni. Nawaambia hili ninyi mnaodhani anayemtii Mungu ni yule asiyeogopa. Mtu huyu nimemwona akishuka kwenye mashimo ambayo ningemlipa mtu anishikie roho yangu, na siku ile aliogopa njia mchana kweupe. Nilimpenda zaidi kwa kuniambia.

Mama Neema alikataa kabisa. Ni mama mpole, lakini siku hiyo nilikuwepo nyumbani kwao na nilimsikia.

"Baba Neema, Mungu huyohuyo ndiye aliyekutoa kule ukiwa hai. Sasa anakurudisha ili iweje?"

Ezekia hakujua ili iweje. Hakutunga jibu. Angeweza kumwambia mkewe kwamba ameahidiwa ulinzi, kwamba ameota ndoto, watu husema hivyo wakitaka kushinda. Alisema tu hajui, anachojua ni kwamba anatumwa. Baada ya hapo yule mama alizungumza naye habari za chumvi na kuni tu, siku nyingi. Mimi kimoyomoyo nilikuwa upande wa mama.

Jumapili moja baada ya ibada Mama Neema alituita, akatukalisha. Akasema amekuwa akimwomba Mungu amnyamazie mume wake, na Mungu hajanyamaza. Basi watakwenda wote wawili. Yeye atakaa mdomoni mwa kisima kila siku, kuanzia Ezekia anaposhuka mpaka anapotoka. Na mimi nikasema nakwenda. Msinipe sifa ya imani. Nilikwenda kwa sababu ya kamba. Sikutaka mtu wa kule aishike.

Tulishuka Momba kwa lori, kisha kwa bodaboda, kisha kwa miguu, zana zetu kwenye baiskeli ya kukodi. Ninyi mliozoea baridi ya huku juu hamjui joto la kule. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa kijana, siku za moto ule alikuwa bado yuko shule. Alitupokea vizuri, akasema hatamzuia mtu kuchimba maji, lakini pia hatamlazimisha mtu kusaidia. Tukapewa pa kulala kanisani. Ezekia akawatafuta bibi vizee wawili, akakaa nao kama kawaida yake, na jioni akachora duara chini kwa mtaimbo.

Sehemu ya juu tulichimba wenyewe kwa zamu. Watu walitutazama kwa mbali. Ezekia aliwasalimia kila mmoja kwa jina lake na jina la baba yake, nao walishindwa kuacha kuitikia. Mama Neema akapika kila mchana, ugali mkubwa na maharage, kwa ajili ya watakaoshika kamba. Hakuja mtu. Tulikula sisi watatu na kinachobaki tukawapa kuku wa jirani, ambao walitupenda mapema kuliko wote.

Tukafika kina ambacho mtu hapandi tena kwa ngazi. Sasa ilihitajika winchi, na winchi inataka watu wawili juu na mmoja chini. Sisi tulikuwa wawili. Mama Neema alisema atashika, lakini ndoo za udongo ule wa mfinyanzi zilikuwa zinamshinda. Kazi ikasimama. Niliwaelewa wale watu kidogo. Ukishika kamba ya mtu uliyemchomea nyumba, akifa umemuua wewe, na akitoka salama kila siku, utaanza kujiuliza ulichoma nyumba kwa kosa gani. Ni rahisi kukaa mbali.

Mimi nilichoka. Nilimwambia Ezekia tufunge mizigo, tumeshatii vya kutosha, hata Mungu ameona. Alikuwa amekaa juu ya kifusi anasafisha sururu.

"Nilitumwa kuchimba," akasema. "Watu atawaleta mwenyewe."

Aliyeletwa ni Laban. Alikuja mchana wakati wa chakula, peke yake, mzee mkubwa wa mwili, mabega bado yana nguvu, nywele zimekuwa nyeupe. Nilimjua kwa jinsi Mama Neema alivyosimama. Alisema, bila kumtazama mtu, kwamba amesikia tunatafuta mshika kamba, na kwamba mjukuu wake anaharisha tangu juzi. Nilimvuta Ezekia pembeni nikamwambia, kwa jina la huyo Mungu wako, huyu asiguse winchi. Ezekia alimkaribisha chakula.

Sasa tazameni hapa. Kwetu mgeni akikaribishwa chakula, hunawishwa. Anayenawisha ni mama wa nyumba. Mama Neema alichukua bakuli na jagi, na maji yale alikuwa ameyafuata mtoni alfajiri, akayachemsha. Akaenda akainama mbele ya mtu aliyefanya nyumba yake ikateketea, akammiminia maji mikononi. Maji mengine yalimwagika mavumbini. Hakuacha mpaka Laban alipomaliza kunawa. Nimewaona wahubiri wengi, lakini sijawahi kumheshimu mtu kama nilivyomheshimu yule mama saa ile. Tulikula wote wanne sahani moja, kisha Laban akanyanyuka akaenda kushika mkono wa winchi.

Siku zilizofuata tulifanya kazi, mimi upande huu wa gogo, Laban upande ule, Ezekia chini, Mama Neema amekaa kwenye kigoda chake hapo kando. Watu wakaanza kusogea. Mmoja akabeba udongo, wengine wakaleta matofali ya kujengea ukuta wa kisima. Laban hakuwa msemaji, na mimi sikumwongelesha. Kila nikimshusha Ezekia au kumpandisha, nilibana meno nikabeba uzito wote upande wangu. Laban alikuwa anashika chuma tu, na gogo nalizungusha mimi. Usiku nilikuwa siwezi kuinua mkono kujikuna. Nilijiona nimefanya jambo la maana sana.

Asubuhi moja Ezekia aliniita kabla hatujaanza. Aliniambia kwamba mtu wa kwenye kibao anajua anabebwa na nani, kamba inaongea. Alijua tangu siku ya kwanza.

"Leo maji yatatoka," akasema. "Nikiita nipandishwe, wewe achia. Anipandishe Laban."

Nilimkatalia kwa ukali ambao sikuwahi kumwonyesha. Nikamwambia ni kweli kwamba Laban ana nguvu za kumpandisha mtu mdogo kama yeye peke yake, hilo halinisumbui, kinachonisumbua ni kile kilicho moyoni mwake. Nikamwambia kumtii Mungu si kumpa adui yako kisu.

"Haonga, ningetaka kushikwa na wewe ningebaki Isansa. Sikutumwa huku kuja kushikwa na wewe."

Nikamtazama Mama Neema nikitumaini atamkemea. Alikuwa anafunga kitenge chake kiunoni. Akasema, "Shemeji, mwachie." Macho yake yalikuwa mekundu, bila shaka walikuwa wamelizungumza wao wawili.

Basi mshumaa ukashuka, ukarudi unawaka. Ezekia akafumba macho, akaomba kama alivyoomba siku zote, maneno mafupi ya mtu anayetaka kuwahi kazini, akakaa kwenye kibao. Tulimshusha. Kabla ya saa sita alitupandishia ndoo ya changarawe yenye maji, na watu wakapokezana kuishika, wakijipaka usoni. Kijiji kizima kilikuwa pale. Ikaja ndoo nyingine, na nyingine, kila moja nyepesi kwa udongo na nzito kwa maji. Kisha sauti ya Ezekia ikapanda kutoka chini, akiomba atolewe kwa sababu maji yamefika magotini.

Nikaachia. Vijana, nimeshika nyundo, sururu, mawe, nimebeba wagonjwa na majeneza. Hakuna kizito nilichowahi kushika kama ule mkono wa chuma niliouacha. Nilirudi nyuma nikasimama karibu na kigoda cha Mama Neema. Laban alinitazama, akaitazama ile nafasi yangu iliyo wazi, akaelewa. Akatema mate viganjani, akaanza kuzungusha peke yake.

Gogo lilizunguka vizuri tu. Kamba ikawa inapanda, imelowa. Nikaanza kupumua. Halafu, Ezekia akiwa katikati, maji chini na watu juu, Laban akasimama. Akachomeka kigingi. Akaondoa mikono yake kwenye chuma, akaja mdomoni mwa kisima, akainama akitazama chini.

Nilitaka kumrukia. Mama Neema alinishika shati kwa nyuma, na alikuwa na nguvu ambazo sikuzijua.

Laban akasema, akiongea na shimo, na shimo likaikuza sauti yake kila mtu akasikia, "Ezekia. Mwanangu aliugua homa. Walinishauri nimpeleke hospitali, nikasema kesho. Nikasema kesho mara nyingi. Nilijua, Ezekia. Hata siku ile nakunyooshea kidole nilijua."

Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye nguo za Ezekia, nasi tulisikia kila tone likigonga maji ya chini.

Kisha ikaja sauti yake, ya kawaida kabisa, ile anayotumia kuomba koleo.

"Na mimi nilijua, Laban. Nivute."

Laban akarudi kwenye winchi. Akashika ule mkono wa chuma ili abebe uzito apate kutoa kigingi, akashindwa. Akajaribu tena. Yale mabega yake makubwa yalikuwa yanatikisika, analia kama anavyolia mtu mzima ambaye hajalia miaka mingi, na nguvu zilikuwa zimemtoka zote. Hakuna mtu wa kijiji aliyesogea. Walikuwa wanatazama chini, kila mmoja na kiberiti chake moyoni. Nikapiga hatua, maana hiyo ndiyo kazi yangu.

Mama Neema alikuwa ameshanyanyuka. Alinipita, akaenda kusimama upande ule nilioacha, mbele ya Laban, gogo likiwa katikati yao. Akashika chuma kwa mikono miwili.

"Haya, baba," akamwambia, "pamoja."

Wakazungusha. Mimi nilisimama na viganja vitupu nikiwatazama, mwanamke aliyechomewa nyumba na mwanaume aliyeichomesha, wanavuta kamba moja, mpaka mtu wao akatoka.